Sungura amegoma kula: mwongozo kamili wa kumuuguza nyumbani

Mbwa anaweza kususa chakula siku nzima, kesho yake akaamka mzima na kudai mfupa. Sungura hana nafasi hiyo. Zikipita saa 12 hajala wala hajatoa choo, hiyo ni dharura, hata kama amekaa pembeni kwa utulivu na macho yake yanang'aa. Wengi huanza kuhangaika siku ya pili, wakati kazi imeshakuwa ngumu maradufu.

Sababu iko kwenye utumbo. Sungura ameumbwa kula kidogo kidogo, usiku na mchana, na nyuzinyuzi za majani ndizo zinazousukuma utumbo wake. Zikikosekana, utumbo unapunguza mwendo, chakula kilichobaki tumboni kinakauka na kugandamana, gesi inajaa, gesi inauma, na maumivu yanamfanya azidi kususa. Tena hawezi kutapika: kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Kwenye mfuko mkubwa wa utumbo wa nyuma, ambao madaktari huuita sikamu, wanaishi bakteria wanaochachusha majani na kumpatia virutubisho. Njaa na upungufu wa maji vikiwavuruga hao, wale wabaya wanapata nafasi ya kuzaliana. Sungura mnene, au jike mwenye mimba, ana hatari ya ziada: mwili wenye njaa huyeyusha mafuta kwa kasi, mafuta yanarundikana kwenye ini, na ini likishindwa hata daktari hodari hupata taabu kumwokoa.

Jambo ninalotaka ushike kabla ya mengine yote ni hili: bomba la sindano la kulishia uji si kitu cha kwanza kushika. Kwanza joto la mwili, pili tumbo, ndipo chakula. Nimeona watu wenye huruma ya kweli wakimjaza uji sungura aliyepoa mwili au aliyeziba tumbo, na uji huohuo ukammaliza.

Na jirani akisikia una sungura mgonjwa atakushauri umchinje kabla hajafa. Ushauri huo una kasoro hata kwa mpenda kitoweo, kwa sababu nyama ya mnyama mgonjwa, hasa aliyeanza kupewa dawa, haifai kuliwa. Tuendelee.

Mtazame kabla ya kumgusa

Sungura ni windo. Huko porini anayeonyesha ugonjwa ndiye anayekamatwa wa kwanza, kwa hiyo anaficha maumivu mpaka yamzidi. Simama mbali kidogo umwangalie kwa dakika tano. Mwenye maumivu ya tumbo hujikunyata, macho nusu yamefumba, masikio ameyalaza nyuma. Wengine wanaligandamiza tumbo chini, wananyanyuka, wanageuka, wanalala tena upande mwingine bila kutulia. Sikiliza meno: sungura anayebembelezwa husaga meno taratibu, sauti ndogo isiyo na haraka, mwenye maumivu huyasaga kwa nguvu, ukasikia mpaka ulipo.

Halafu kagua sakafu ya banda. Choo cha kawaida ni punje kavu za mviringo zenye upana wa karibu sentimita moja, zote zinafanana. Punje zikiwa ndogo, ngumu, zimechongoka, au zimeunganishwa na nywele, utumbo ulianza kulegea tangu jana au juzi. Ukikuta ute, au hakuna choo kabisa, hali imesogea mbele. Choo cha majimaji kwa sungura mdogo wa mwezi mmoja hadi mitatu ni habari tofauti, nitaigusa mbele.

Chukua daftari. Andika saa aliyokula mara ya mwisho, alichokula, choo cha mwisho, kitu chochote kipya cha juzi na jana: gunia jipya la peleti (punje za chakula cha kiwandani), mboga mpya, mgeni, mbwa aliyebweka usiku kucha, joto kali, safari. Mpime uzito pia kwa mizani ya jikoni, ukimweka ndani ya beseni. Uzito huo utauhitaji kwa kila dawa na kila mlo.

Mjaribu mara moja tu kwa kitu chenye harufu: giligilani, ambayo Kenya huitwa dania, nanaa, rihani, au majani ya karoti. Sungura wa hadithi alizisusa ndizi kwa kuwa hakuzifikia. Huyu wako ukimwekea nanaa puani akageuza kichwa, ujue hafanyi ujanja. Akiinusa, akaichukua mdomoni, kisha akaiachia, shuku meno.

Hatua ya kwanza: joto la mwili

Hakuna kipimo chepesi kinachokupa habari nyingi kama hiki. Tumia kipimajoto cha kidijitali chenye ncha inayopinda, upake Vaselini. Mkalishe sungura kwenye taulo mezani, mgongo wake umegusana na tumbo lako, mkono mmoja ukishika kifua. Mtu wa pili ainue mkia na kuingiza ncha kwenye njia ya haja kubwa sentimita moja na nusu hadi mbili, bila kusukuma. Miguu ya nyuma lazima iwe imeegemezwa muda wote. Sungura akirusha teke angani anaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe, na hilo halina tiba. Ukiwa peke yako naye ni mkali, acha kipimo hiki. Gusa masikio na nyayo, ukizikuta baridi hesabu kwamba amepoa.

Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi. Likishuka chini ya 38, mpashe joto kwanza na usimlishe bado. Likiwa chini ya 37, yuko hatarini kweli. Mpashe joto huku unatafuta usafiri.

Kumpasha joto hakuhitaji vifaa vya ajabu. Jaza chupa za plastiki maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, zifunge kwenye taulo, uziweke ubavuni mwake ndani ya boksi, ukimwachia nafasi ya kujisogeza likizidi. Mfunike mgongo kwa kanga. Pima tena kila nusu saa. Usimweke karibu na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: moshi usioonekana wa mkaa unaua watu, seuze sungura.

Joto likiwa juu ya 40.5, na hasa kama ni mchana wa Januari Dar es Salaam au Mombasa na banda liko chini ya bati, huenda amepigwa na joto. Mhamishie kivulini kwenye sakafu ya saruji, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida ya bomba, washa feni isimpige moja kwa moja. Usimzamishe kwenye ndoo wala usitumie barafu. Likishuka mpaka 39.5 hivi, acha kumpoza.

Hatua ya pili: tumbo

Weka viganja vyako pande zote mbili za tumbo, nyuma ya mbavu, uguse taratibu bila kubonyeza. Tumbo la sungura mzima ni laini na linabonyea. Kwenye utumbo uliosimama unaweza kuhisi kitu kizito kama unga uliokandwa upande wa kushoto chini ya mbavu, na bado mnyama anakuvumilia.

Hatari ni tumbo lililokaza, limevimba, naye anaruka ukimgusa. Hili mara nyingi huja ghafla: asubuhi alikula vizuri, kufikia adhuhuri amelala chini, amepoa, hataki kuinuka. Hapo huenda kitu kimeziba njia, mara nyingi bonge dogo la nywele lililokazana, au punje kavu ya mahindi au mbegu iliyovimba baada ya kumezwa. Maji na gesi vinajaa tumboni bila pa kwenda, na kwa kuwa hawezi kutapika, tumbo linaweza kupasuka. Ukikuta hali hiyo, usimlishe, usimnyweshe, usimkande tumbo. Mfunge joto uende kwa daktari saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Uji hausaidii kitu kilichoziba, unaongeza mzigo.

Ukishindwa kuamua kama tumbo ni laini au limekaza, lichukulie kuwa limekaza. Kumchelewesha mlo mmoja mpaka daktari amshike kuna hasara ndogo kuliko kukosea upande wa pili.

Kilichomsusisha

Utumbo kusimama mara nyingi ni matokeo ya kitu kingine. Usipokitafuta, utamlisha kwa bomba wiki nzima na ukiacha tu anasusa tena.

Anza na meno, kwa sababu ndiyo sababu kubwa kwa sungura wanaolishwa peleti na pumba bila nyasi ndefu. Meno yake hukua maisha yote, ya mbele karibu milimita 2 kila wiki, na husagwa na nyasi. Inua midomo utazame ya mbele: ya juu yanapaswa kukaa mbele kidogo ya yale ya chini, yakiwa mafupi na yaliyonyooka. Magego huyaoni ukiwa nyumbani, lakini kidevu kilicholowa mate, uvimbe kwenye taya, jicho moja linalotoka machozi, au sungura anayetamani mboga laini na kukataa nyasi, vyote vinaelekeza huko. Usikate meno kwa mkasi wa kucha. Jino linapasuka mpaka kwenye mzizi na kuleta usaha.

Yanayobaki tazama haraka: pua inayotoka kamasi, masikio yenye magamba ya ukurutu, nyayo zilizochubuka kwa kukalia waya, shingo iliyopinda, mkojo mzito wenye mchanga, jike aliyezaa karibuni. Nusa chakula chenyewe. Pumba au peleti zenye harufu ya uvundo huenda zina sumu ya kuvu. Zitupe zote, usizichambue. Na kama mtu alimpa chakula cha kuku, mwambie daktari, maana baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa dawa za kuzuia koksidia, vijidudu vya utumbo, ambazo kuku anazimudu na sungura zinamdhuru.

Sungura mdogo mwenye kuhara, tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama huenda ana koksidia, ugonjwa wa kawaida sana kwenye mabanda yetu. Unathibitishwa kwa kupima choo kwa hadubini na una dawa zake, za jamii ya salfa au toltrazurili. Huyu hawezi kusubiri saa 12. Mwili wake mdogo unakauka maji mapema zaidi.

Daktari, na cha kumuuliza

Piga simu kabla hujatoka nyumbani, uulize kama wanatibu sungura. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na hakuna aibu kuuliza. Aliye Morogoro ana hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Aliye Nairobi, kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Kwingineko, daktari wa kliniki ya mbwa na paka mara nyingi ana uzoefu na wanyama wadogo kuliko muuzaji wa duka la dawa za mifugo, ambaye atakuuzia kilichopo rafuni.

Omba mambo matatu. La kwanza, dawa ya maumivu, mara nyingi meloksikamu, kwa kipimo kinacholingana na uzito. Hii ndiyo ninayoiona muhimu kuliko dawa ya kusukuma utumbo, kwa sababu sungura mwenye maumivu hali hata umpe nini. La pili, maji ya dripu chini ya ngozi, yaliyopashwa joto. Meloksikamu kwa mwili uliokauka maji huumiza figo, kwa hiyo viwili hivi huenda pamoja. La tatu, dawa ya kuamsha utumbo kama metoklopramidi, endapo tu ameridhika kwamba hakuna kilichoziba.

Unaweza pia kumuuliza kama atapima sukari kwenye damu kwa mashine ileile ya wagonjwa wa kisukari. Kwa sungura mzima kipimo hukaa kati ya 4 na 8 hivi (mmol/L). Hofu na maumivu hukipandisha, lakini kikivuka 20 uwezekano wa kuziba ni mkubwa, na huenda akahitaji upasuaji. Tone moja la damu, jibu kwa sekunde chache.

Msafirishe kwenye boksi lenye matundu, nyasi chini, chupa ya joto pembeni. Kama ana mwenzake anayelala naye, wapeleke wote wawili. Kutenganishwa kunamwongezea hofu, na hofu nayo husimamisha utumbo.

Dawa za kabatini: ziache hapo

Sehemu hii naiandika kwa ukali kwa sababu dawa zinauzwa kirahisi mno kwetu. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, sefaleksini, erithromaisini, klindamaisini na linkomaisini, zikimezwa na sungura, zinaweza kuwaua bakteria wazuri wa sikamu. Wanaobaki hutoa sumu, anaharisha, anakufa ndani ya siku chache, na mwenyewe anabaki akisema "dawa haikumsaidia". Zipo antibayotiki zinazomfaa, kama enrofloksasini au trimethoprimu yenye salfa, lakini sungura aliyesusa kula si lazima awe na bakteria wa kuua. Daktari akiandika antibayotiki, muulize ni ya nini.

Dawa ya viroboto ya kupaka mbwa, yenye fipronili, ni sumu kwake. Shubiri, tunayowapa kuku, ni dawa ya kuharisha; usimpe. Mafuta ya kula hayalainishi chochote na yakipita njia ya pumzi yanaharibu mapafu. Juisi ya nanasi inasifiwa kwamba inayeyusha nywele tumboni. Haiyeyushi. Kila sungura anayejilamba ana nywele tumboni, na zinakuwa bonge kwa sababu utumbo umesimama na maji yamepungua. Sukari ya juisi inawalisha bakteria wabaya tu. Vivyo hivyo soda, asali, maziwa na gripu wota ya watoto.

Matone ya simethikoni ya kutoa gesi kwa watoto wachanga ni tofauti kidogo. Hayajathibitishwa kwamba yanasaidia sana, ila hayaingii kwenye damu na madaktari wengi huyaruhusu. Muulize wako kipimo.

Uji wa kulishia

Sasa mwili una joto, tumbo ni laini, na daktari amekubali alishwe. Kuna unga maalumu wa sungura wagonjwa, kama Critical Care wa kampuni ya Oxbow, na ukiupata fuata maelezo ya pakiti. Wengi hatuupati, basi tunatengeneza wa nyumbani.

Chukua peleti safi za sungura, zisage kavu kwenye blenda au kinu mpaka ziwe unga, uzichekeche kwa chujio la chai. Changanya sehemu moja ya unga na sehemu mbili za maji ya vuguvugu, uache dakika 15 unyonye na kuvimba, kisha ongeza maji mpaka mchanganyiko upite kwenye bomba bila kukwama. Hakikisha umeujaribu kwenye sinki kwanza. Punje moja ikiziba mdomo wa bomba, utabonyeza kwa nguvu, na uji wote utaruka kooni kwa mpigo. Ukitaka harufu ya kumvuta, saga matembele au giligilani humo. Kijiko cha boga lililochemshwa bila sukari kinaruhusiwa.

Huna peleti? Saga nyasi kavu kuwa unga mlaini, uchanganye na matembele mabichi yaliyosagwa kwa maji. Uji huo hauna nguvu nyingi, lakini utakuvusha mlo mmoja au miwili wakati unatafuta. Uji wa ulezi, unga wa mahindi, lishe ya mtoto na mkate uliolowekwa vyote vina wanga mwingi na nyuzinyuzi kidogo, kinyume kabisa na anachohitaji.

Tengeneza wa siku moja, weka kwenye friji, upashe kila mlo kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto mpaka uji uwe na joto la mwili. Uliobaki kwenye kikombe baada ya mlo, mwaga.

Namna ya kumlisha

Mabomba ya sindano ya ml 1 ni ya dawa na ya anayejifunza. Ya ml 5 au 10 ni ya uji. Ondoa sindano, bila shaka. Mdomo ukiwa mwembamba mno, ukate na uusugue kwa msasa mpaka usikwaruze ufizi.

Mfunge kwenye kanga, miguu yote ndani, kichwa nje, kifua kisibanwe. Mkalishe sakafuni katikati ya magoti yako, akitazama mbele. Sungura akaliapo chini haanguki, na wewe unabaki na mikono miwili. Asilale chali, na kichwa kisiinuliwe kutazama juu. Akilala chali chakula kinaingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo ni vigumu kuitibu.

Kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo lisilo na meno. Ingiza mdomo wa bomba hapo kutokea pembeni, ukielekea upande wa pili wa kinywa na si kooni. Bonyeza nusu ml. Subiri. Atatafuna, atameza, taya litasimama, bonyeza tena. Akizoea, ml 1 kwa mara moja inatosha. Akiacha kutafuna uji ukatoka nje, usisukume mwingine. Akikohoa au uji ukatokea puani, acha mara moja, mwinamishie kichwa chini, umpe muda mrefu. Mlo mmoja huchukua dakika 15 hadi 20. Mwenye haraka amwachie mtu mwingine kazi hii.

Kiasi: ml 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, mara nne au tano kwa siku. Sungura wa kilo 2 basi anapata ml 20 hadi 30 kila mlo. Mlo wa kwanza mpe nusu yake tu, uone kama tumbo linabaki laini. Ratiba inayokaa vizuri na maisha ya kazi ni saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 4 usiku. Baada ya kila mlo mfute kidevu, maana uji ukikaukia kwenye manyoya unaleta vidonda na nzi.

Tumbo likianza kukaza au kuvimba kati ya milo, simamisha kila kitu urudi kwa daktari. Hiyo si dalili ya kuvumilia mpaka asubuhi.

Maji na mwendo

Sungura mzima hunywa kati ya ml 50 na 150 kwa kila kilo kwa siku. Mwekee bakuli zito la udongo badala ya chupa ya kunyonya. Wengi hunywa zaidi kwenye bakuli. Mboga zake zilowe maji. Ukimnywesha kwa bomba, tumia ml 1 na subira ileile ya uji.

Mwache atembee. Mfungue chumbani au barazani palipo kimya mara kadhaa kwa siku, pasipo na mbwa wala watoto wa kumkimbiza. Tumbo likiwa laini unaweza kumkanda taratibu sana kwa ncha za vidole, dakika chache, na akionyesha kuchukia unaacha. Mzungushie nyasi: pembeni, chini ya kidevu, ndani ya boksi la kulalia.

Anapoanza kurudi

Kwa kawaida choo ndicho hutangulia. Punje za kwanza ni ndogo, zina ute, zimeunganishwa kwa nywele mithili ya ushanga, na utazifurahia kuliko ulivyowahi kudhani mtu anaweza kufurahia mavi. Mara nyingi huja ndani ya siku moja hadi tatu za matunzo. Zinaongezeka ukubwa kidogo kidogo. Unaweza pia kukuta choo laini kinachonata mkiani, kile ambacho sungura mzima hukila mwenyewe moja kwa moja. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu umkaushe vizuri, kwani nzi wakitaga mayai hapo funza wanaingia kwenye ngozi ndani ya siku moja.

Hamu hurudi kwa mpangilio: majani yenye harufu kwanza, nyasi baadaye, peleti mwisho. Usimsherehekee kwa bakuli la peleti. Punguza uji mlo mmoja mmoja kadiri anavyokula mwenyewe, na uuache kabisa pale ambapo siku nzima amekula nyasi, ametoa choo cha ukubwa wa kawaida, na uzito haujashuka. Dawa ya maumivu iendelee kwa siku alizoandika daktari, hata kama anarukaruka. Akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, endelea kumwongezea mlo mmoja wa uji usiku mpaka arudi.

Yapo matukio ambapo kila kitu kimefanywa na mwili haurudi: joto linashuka kila ukitoa chupa, anasaga meno hata akiwa na dawa, taya halimezi tena. Kumwomba daktari amlaze usingizi wa mwisho kwa sindano ni sehemu halali ya kumuuguza. Kama kuna watoto nyumbani waambieni ukweli mapema, wasije wakakuta banda tupu.

Akipona, jambo la kubadilisha ni nyasi. Ziwe mbele yake saa 24, peleti zisizidi gramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku, mboga za majani konzi kubwa. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa zinauzwa kwa marobota kwa wafuga ng'ombe wa maziwa, na robota moja sungura wawili wanalila muda mrefu. Unaweza kukausha zako: kata kabla hazijatoa mbegu, zianike juani ukizigeuza mpaka zivunjike zikikunjwa, zihifadhi pakavu. Kongwe na kishonanguo zinafaa sana zikiwa mbichi, mradi hazikuchumwa pembeni ya barabara au kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Parachichi ni mwiko, tunda na majani.

Sungura wa pili akisusa

Mmoja akiugua ni ugonjwa wake. Wawili au watatu wakisusa kwa wakati mmoja, fikiria chakula kibovu au ugonjwa wa kuambukiza. Ondoa chakula chote kilichokuwapo, tenga wagonjwa, hudumia wazima kwanza ndipo wagonjwa, na unawe mikono kwa sabuni katikati. Wakifa ghafla waliokuwa wazima jana yake, pengine na damu puani, usiuze, usigawe, usikopeshe dume. Mpigie afisa mifugo wa kata au daktari, na kabla hujazika mzoga muulize kama anauhitaji kwa uchunguzi. Akisema ndiyo, ufunge kwenye mifuko miwili ya plastiki uuweke kwenye ubaridi wa friji isiyo ya chakula au boksi lenye barafu, usiugandishe kwenye friza, na umfikishie siku hiyohiyo.